Koti la Turbo Limemrudia Fundi Baridi

Asubuhi hii gereji imekaa kimya isivyo kawaida yake. Grainda imezimwa, redio imezimwa, na mafundi wote wametoka nje, wamesimama ng'ambo ya lango huku wamekunja mikono kifuani kama wapangaji waliofukuzwa. Ndani amebaki mzee mmoja, gari moja jekundu la milango miwili, na pampu ya mgongoni ya kunyunyizia mimea dawa.

Ndani ya pampu hakuna dawa. Kuna maji na sabuni.

"Atakayechungulia nitamlowesha!" mzee anapaza sauti kupitia barakoa yake nene. Huko nje wanacheka. Yeye hacheki.

Boneti iko wazi. Anainama, ananyunyiza taratibu pale pembeni mwa injini inapokaa turbo, kipande cha chuma chenye umbo la konokono. Kimevishwa koti la kitambaa kizito ambacho zamani kilikuwa cheupe na sasa kina rangi ya majivu. Anasubiri maji yaingie. Ananyunyiza tena. Halafu anashika upindo wa koti kwa glavu, anaufunua kidogo, na hapo mkono wake unasimama.

Anabaki ameinama vile vile kwa muda mrefu, mpaka mmoja wa walio nje anaita, "Baridi! Uko salama?"

Yuko salama. Koti alilitambua tangu gari lilipoletwa, lakini sasa ameuona mshono wenyewe. Ni mistari miwili iliyokaribiana, na kwenye kila kona uzi umepigwa msalaba mdogo ili usifumuke. Aliyekuwa akifunga kona namna hiyo alikuwa mtu mmoja tu, na saa hii yuko nyumbani kitandani, mpira wa oksijeni puani, anahangaika kutafuta pumzi.

"Nilijua iko siku nitakutana nalo," anasema baadaye, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, barakoa mkononi. "Nilikuwa naomba siku hiyo ikija niwe nimeshakufa."

Wateja na mafundi wenzake humwita Fundi Baridi. Jina halitokani na tabia yake, maana mzee huyu ana maneno na ana utani wa kuwavunja watu mbavu anapoamua. Amelipata kwa kazi. Kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano amekuwa akitengeneza ekzosi, na hasa akipambana na joto la magari ya mbio ya zamani, yale yenye turbo.

Joto lenyewe si la mchezo. Moshi unaotoka kwenye injini ya aina hii hupita ndani ya turbo ukiwa bado unawaka na kuizungusha feni ndogo. Feni hiyo ndiyo inayoisukumia injini hewa ya ziada, gari likapata nguvu za kupanda mlima kama halina uzito. Ukilikimbiza sawasawa halafu ukafungua boneti gizani, utakuta chuma kimeiva, chekundu kama kaa. Na sentimita chache kutoka hapo kuna nyaya, mipira ya maji na bomba la mafuta ya breki.

"Watu wanafikiri gari la mbio linauawa na mwendo," anasema. "Mwendo hauna shida. Linauawa na joto lililokosa pa kwenda. Mafuta ya breki yanachemka, unakanyaga pedali inazama mpaka chini kama umekanyaga godoro. Nyaya zinakauka, ukizigusa zinakatika kama tambi kavu. Na baya kuliko yote ni ukishazima. Gari likitembea lina upepo wake. Likisimama, joto lote linapanda, linakwama chini ya boneti, linapika kila kitu polepole, na wewe umekaa zako unakunywa chai."

Alipoanza kazi, dawa ya joto hilo ilikuwa moja: kitambaa cha asbesto. Kilipatikana kwa wauza vyuma chakavu, ambao walikuwa wakikivua kwenye mabomba ya mvuke ya viwanda vilivyofungwa. Hakikuungua, hakikuyeyuka, na bei yake ilikuwa ya kutupa. Kila fundi alikizungusha kwenye bomba na kukifunga kwa waya, na kila fundi alilalamika kwamba baada ya miezi michache waya umelegea na kitambaa kinaning'inia kama bandeji ya kidonda.

Fundi Baridi ndiye aliyepata wazo la koti. Analisema hilo waziwazi, bila kutafuta pa kujificha. Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule na mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga. Jioni moja mumewe akaingia na furushi la kitambaa na turbo iliyokufa, akavibwaga vyote juu ya meza yake ya kukatia.

"Nikamwambia, mama, huyu mteja anataka koti. Akaniangalia, akaniuliza, la mikono mirefu au mifupi?"

Anatabasamu anapolisimulia hilo. Halafu tabasamu linakatika lenyewe, na anaangalia viatu vyake.

Mkewe aliipima turbo kwa tepu kama anavyompima mtu: shingo, mabega, kiuno. Akakata gazeti kuwa kiolezo, akakata kitambaa. Lakini alipokitia kwenye cherehani, sindano ikavunjika. Akaweka nyingine, nayo ikavunjika. Kitambaa kilikuwa kigumu kama ubao wa boksi.

Mafundi wote walijua kwamba kitambaa kile kikilowa hulainika; ndiyo maana walikilowesha kabla ya kukizungusha kwenye bomba. Tatizo ni kwamba kikikauka kinakuwa kigumu kuliko mwanzo, na cherehani haitaki kitu kilicholowa. Basi mume na mke wakabuni njia yao wenyewe. Walikilowesha usiku, wakakianika asubuhi kwenye kamba ya nguo, na kikishakauka wakakipiga kwa fimbo upande huu na upande ule, kisha wakakifikicha kwa viganja kama watu wanaofua bila maji, mpaka kikalegea kikawa laini kama blanketi la mtoto. Hapo sindano ikapita bila shida.

Hakuna gereji nyingine iliyofanya hivyo. Wengine walikishika kikiwa kimelowa, wakakifunga, wakaenda zao. Hawa wawili walikipiga kikiwa kikavu, na nje kukiwa na upepo walikipigia ndani, dirisha wamelifunga ili kisichafuke. Waliendelea hivyo kwa miaka kumi na miwili.

"Vumbi lilikuwa linacheza kwenye mwanga wa dirisha," anasema. "Tulikuwa tunaliona kabisa. Mke wangu alikuwa anasema linapendeza."

Makoti yale yaliwapa jina. Magari yalitoka mbali kuja kuvishwa, na wenye magari walifungua boneti mbele ya marafiki zao kuonyesha mshono kabla hawajaonyesha injini. Mkewe akaanza kuitwa Mama Makoti. Majirani walimtania kwamba anayavisha magari ya watu huku mumewe anatembea na ovaroli lenye viraka, naye akawajibu kwamba magari yanalipa, mume halipi. Nyumba wanayoishi sasa, ya vyumba vitatu na paa la bati, ilisimama kwa pesa za makoti hayo.

Binti yao wa pekee alikulia chini ya meza ya cherehani. Mchana alilazwa juu ya vitambaa vilivyokunjwa, kwa sababu vilikuwa laini na vinatunza joto.

Hilo Fundi Baridi hapendi kuliongelea. "Amepigwa picha ya kifua. Wamesema kwa sasa hawaoni kitu." Anaokota spana, anaitazama, anairudisha pale pale. "Kwa sasa, wamesema."

Kitambaa kile walikiacha zaidi ya miaka ishirini iliyopita, pale habari zilipoenea kwamba vumbi lake linaua na wauza vyuma chakavu wakaacha kukileta. Kukaja vitambaa vingine visivyo na asbesto, Mama Makoti akarudi kwenye sare zake za shule. Mwaka ukapita, miaka ikapita, hakuna aliyeugua. Wakajua wamenusurika.

Miaka miwili iliyopita Mama Makoti alianza kuchoka akitandika kitanda. Ilisemekana ni umri. Halafu ikasemekana ni pumu, halafu ni kifua kikuu, akameza vidonge vya kila rangi. Mwishowe daktari mmoja akamtoa maji ubavuni, akachukua kipande kidogo cha nyama kwenda kupima, akarudi na kuketi. Hakuuliza kama mama anavuta sigara. Aliuliza amefanya kazi gani maishani.

"Mke wangu akasema, nashona. Daktari akauliza, unashona nini? Hapo nikajua. Daktari hajamaliza swali, mimi nimeshajua."

Ni saratani ya utando unaozunguka mapafu. Daktari aliwaeleza kwamba vumbi lile likishaingia halitoki, na kwamba linaweza kukaa miaka thelathini au zaidi bila kusema chochote. Aliwaeleza pia kwamba kilichobaki ni kutoa maji yakijaa, kupunguza maumivu, na oksijeni. Kupona hakukutajwa.

Fundi Baridi naye alipimwa. Alikutwa na makovu kidogo tu.

"Mimi mwenye wazo nimebaki mzima," anasema, na sasa sauti yake imepanda mpaka walio nje wanageuka. "Mimi niliyekibeba begani nikakiingiza kwa mlango wa mbele. Mimi niliyekuwa navua ovaroli mlangoni nikalikung'uta, na yeye akalipokea akaliloweka kwa mikono yake. Nimebaki nakula, nalala, napanda ngazi. Hebu niambie, hiyo ni haki ya wapi?"



Kazi ya ekzosi nzima ya gari kama hili humlipa thamani ya mitungi kumi ya oksijeni, na mkewe anamaliza mtungi mmoja kwa siku mbili. Kazi za namna hii huja mara tatu au nne kwa mwaka. Zilizobaki ni kuziba matobo ya mabomba ya magari ya kawaida, hela ya mboga.

Gari jekundu lililetwa juu ya lori wiki mbili zilizopita, matairi yamelala, vumbi limelifunika mpaka rangi haionekani. Mwenyewe ni mwanamume wa makamo, mpole wa maneno, aliyelirithi kwa marehemu baba yake. Alitaka liamke, litembee tena. Sharti lake lilikuwa moja: kila kitu kibaki kama baba alivyokiacha.

"Mzee wangu, baba alikuwa analisifia hili koti kuliko hata gari lenyewe," alimwambia. "Nikiwa mdogo alikuwa ananibeba ananionyesha. Nataka libaki."

"Haliwezi kubaki."

"Kama limechakaa, basi lishonwe jingine kama hili hili."

"Kijana wangu," Fundi Baridi akamwambia, "aliyelishona ni mke wangu, na ndilo linalomuua."

Akamweleza yote palepale, wamesimama kando ya lori. Mwenye gari alisikiliza hadi mwisho. Halafu akajitazama viganja.

"Juzi nililipangusa," akasema polepole. "Kwa brashi. Lilikuwa limejaa vumbi."

"Nguo ulizovaa siku hiyo ziko wapi?"

"Mke wangu amezifua."

Fundi Baridi anasema alitamani ardhi ipasuke. Alimwangalia yule mtu akajiona mwenyewe, tena kijana, anaingia nyumbani na furushi begani. Lakini alijikaza, akampa maneno waziwazi kama yeye alivyopewa na daktari: siku moja si miaka kumi na miwili, asiende kumjaza mkewe hofu ya kifo, ila amwambie ukweli, na asiliguse tena hata kwa kidole. Yule bwana aliondoka bila kuaga. Kesho yake akapiga simu, akasema, "Litoe, mzee. Fanya unavyojua."

Ndiyo kazi ya asubuhi hii. Koti linatoka likiwa limelowa chapachapa, zima, bila hata kipande kudondoka. Anaweka koti ndani ya mfuko mzito wa plastiki, anaufunga, anauweka ndani ya mfuko mwingine, anaufunga tena. Anapangusa injini yote kwa vitambaa vyenye maji, na vitambaa navyo vinaingia mfukoni. Glavu na nguo za juu zinafuata. Watu wa afya wa mji ndio waliomwelekeza, na ndio watakaokuja kuuchukua mzigo huo. Kisha anaoga nyuma ya gereji, kwa ndoo mbili, anajisugua kucha na nywele, anavaa nguo safi alizoleta kwenye mfuko.

Anajisugua kupita kiasi, shingo imekuwa nyekundu. Wenzake wanaona, wanajifanya hawaoni.

Nyumbani kwake si mbali. Chumba anacholala mgonjwa kina kitanda, kiti cha plastiki, mtungi mrefu wa oksijeni, na feni inayozungusha hewa ile ile ya moto. Hakuna dari. Juu ni mbao na bati tupu, na mchana huu bati linalia tik, tik, linavyotanuka kwa jua. Mama Makoti ameketi akiegemea mito, maana hawezi tena kulala chali. Binti yao anampangusa shingo kwa kitambaa cha maji, anakikamua, anampangusa tena.

Mgonjwa anaongea maneno mawili matatu, anatafuta pumzi, anaendelea.

"Mbona mapema?"

"Nimemaliza. Nimelivua koti la lile gari jekundu."

"La yule… mwenye kofia?"

"La huyo huyo. Yeye ametangulia. Gari sasa ni la mwanawe."

Mama Makoti anakusanya pumzi.

"Mshono," anasema, "umeshika?"

"Umeshika."

"Kona?"

"Kona zote. Hata uzi mmoja haujafumuka. Miaka yote hiyo, moto wote huo."

Mama Makoti anafumba macho. Usoni mwake, kulikobaki mifupa na ngozi, kunapita kitu ambacho aliyekuwepo hawezi kukiita jina jingine ila fahari.

"Nilikuwa fundi," anasema.

"Ulikuwa? Wewe ni fundi. Mimi ndiye nilikuwa nakubebea mkoba."

"Muongo wewe," anamwambia, na anaanza kucheka, na kicheko kinageuka kikohozi. Kikohozi kinamkunja. Binti anamshika mabega, anamwambia, "Taratibu mama, taratibu, pumua kwa pua," na anafungua oksijeni zaidi. Inachukua muda mrefu kutulia. Fundi Baridi amegeukia ukutani, mkono ameuweka kwenye cherehani ambayo haijafunguliwa tangu mwaka juzi.

Nje, barazani, anakaa kwenye ngazi na kushika tama.

"Hapo ndipo ananimaliza mimi," anasema, halafu anatafuta neno lililo bora na halipati. "Angenilaumu, ningejua pa kusimama. Angenitukana. Tangu tulipotoka kwa daktari hajaniambia hata siku moja, wewe ndiye uliyeleta. Leo ameniuliza mshono."

Siku zinazofuata anarudi kwenye gari, kwa sababu kazi lazima iishe na mtungi lazima ubadilishwe. Anaondoa manifoldi ya zamani, ile inayokusanya moshi kutoka kwenye injini, kwa kuwa imepasuka. Koti lilikuwa likiizuia isipoe, na chuma cha kumimina hakikuvumilia. Anachomelea nyingine ya bomba la chuma kisichoshika kutu. Analihamisha bomba la mafuta ya breki upande wa pili, nyaya anazipandisha juu kabisa zikae mbali. Na pale lilipokuwa koti, safari hii haweki kitambaa cha aina yoyote.

Anaweka bati. Ni vipande vya bati la alumini alivyovikunja kwa mkono kufuata umbo la turbo, lakini havigusi turbo popote. Vimesimama kwenye vijiti vifupi, nafasi ya kidole kimoja katikati. Upande wa chini ameacha wazi, na wa juu vilevile, kisha ametoboa matundu nyuma ya boneti.

"Bati ukilibandika kwenye moto nalo linakuwa moto," anaeleza, na kwa dakika hizo chache mzee anaonekana kama mtu mwingine, mikono inaongea kuliko mdomo. "Liache kidogo. Hewa ya baridi iingie kwa chini, ichukue joto, itoke nalo kwa juu. Haikai. Upande huu chuma kimeiva, upande huu unaweka kiganja. Ni hewa tu inafanya kazi, na hewa hailipwi."

Siku ya majaribio analiendesha mwenyewe mpaka mlima ulio nyuma ya mji, analipandisha kwa nguvu, analishusha, analipandisha tena. Akirudi halizimi. Analiacha lingurume polepole kwa dakika kadhaa ili mafuta ya injini yaendelee kuipoza turbo. Mafundi wamezunguka. Anazima, anafungua boneti, anasubiri joto lipande, halafu mbele ya wote analaza kiganja juu ya nyaya. Anakiacha hapo. Wanampigia makofi, mmoja anapiga mluzi.

Yeye anaondoa mkono na kwenda kukaa peke yake nyuma, karibu na bomba la maji.

"Unajua kinachoniuma?" anasema. "Tungeweza kufanya hivi tangu wakati ule. Bati lilikuwepo. Hewa ilikuwepo. Hakuna kitu hapa ambacho sikuwa nacho. Ila mimi nilitaka koti. Koti lilikuwa zuri, watu walilishangaa, na mimi nilipenda washangae."

Mwenye gari alikuja kulichukua na mkewe. Mwanamke huyo alishuka, akamsalimia fundi kwa mikono miwili, akasema anamshukuru kwa kumwambia mumewe ukweli. Fundi Baridi alimjibu vizuri, akamtakia afya njema. Gari lilipokwisha kupinda kona alirudi ndani akasahau alikuwa anataka kufanya nini.

Madaktari sasa wanahesabu wiki alizobakiza, hawahesabu tena miezi. Na miezi ya jua kali ndiyo kwanza imeanza. Mama Makoti maumivu anayavumilia. Sindano wanayompa inasaidia. Kinachomshinda ni mchana. Jua likifika katikati, bati la paa linawaka, chumba kinakuwa tanuri, na pumzi ambayo asubuhi ilikuwa fupi inakuwa haipo kabisa. Kuanzia hapo hadi jua litue hasemi kitu. Anatazama juu tu, kwenye bati, jasho linamchuruzika, mdomo wazi. Walijaribu kumhamishia barazani, vumbi la barabarani likamzidishia. Hospitali walimlaza wiki moja, akaomba arudishwe kwake.

Fundi Baridi amemtazama akitazama bati. Juzi alipanda juu ya paa na tepu, akapima. Mpango wake ni kuweka paa la pili juu ya lile la kwanza: mabati chakavu ambayo gereji imempa, yasimame juu ya mbao, nafasi ya shubiri moja katikati, chini wazi na juu wazi ili joto lipate pa kutokea. Wenzake wameahidi kuja Jumamosi. Watatoboa na kukata kila kitu kule kule gereji, waje kufunga kwa skrubu tu, wasimpigie mgonjwa nyundo kichwani.

Mkewe alimsikia akitembea juu, akamwita ashuke.

"Unajisumbua," alimwambia. "Jua hili… mimi silimalizi."

Alimrekebishia mto, akambusu kipaji cha uso, akapanda tena juu kumalizia upande uliobaki.

Alipoulizwa kama bado ana tumaini lolote, Fundi Baridi aliikunja tepu yake ya kupimia akaitia mfukoni.

"Tumaini tuliliacha hospitali," akasema. "Mke wangu anakufa, na kinachomuua nimekileta mimi. Nimeelewa, msinifariji. Hilo sina la kulifanya. Lakini asife huku anaungua. Joto nalijua, joto ni kazi yangu, na chumba kile kitapoa."